Maji Yapite, Udongo Ubaki: Namna ya Kutumia Jiotekstaili Shambani na Bwawani

Kabla hujanunua hata mita moja ya kitambaa hiki, jiulize: pale ninapotaka kukiweka, nataka nini kipite na nini kibaki? Jiotekstaili ni kitambaa cha nyuzi za plastiki kinachopitisha maji na kushika udongo. Hakizuii maji. Mimi ni fundi wa mabwawa, na wafugaji wanaonipigia simu kwa uchungu mara nyingi ni wale waliouziwa jora la kitambaa wakaambiwa kitaziba bwawa. Wamechimba, wametandika, wamejaza maji, na baada ya siku chache maji yamezama ardhini na vifaranga wa samaki wanahaha kwenye tope. Kitambaa kimefanya kazi yake sawasawa, ila si kazi waliyoihitaji.

Kinachozuia maji ni laina, ile karatasi nzito ya plastiki isiyo na tundu, au udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa vizuri. Jiotekstaili inaikinga laina isitoboke, inachuja maji yanayoingia kwenye mtaro, inatenganisha kokoto na tope, inashika mteremko usimomonyoke, na shambani inayanyima magugu mwanga. Kila kazi ina kitambaa chake, na kitambaa cha kazi moja kikipelekwa kwenye nyingine huharibu zote mbili.

Kukitambua kitambaa kabla ya kulipa

Kuna jamii mbili kubwa. Ya kwanza ni isiyofumwa: nyuzi zimetawanywa bila mpangilio, kisha zikachomwachomwa na maelfu ya sindano zenye vijino hadi zikashikana. Ukiishika ni nene, laini, inabonyea. Hii ndiyo ya kuchuja na ya kukinga laina. Ya pili ni iliyofumwa: tepe bapa za plastiki zimepishana kama ukili wa mkeka. Ni nyembamba, ngumu, haivutiki kirahisi, lakini nyingi hupitisha maji taratibu mno. Hii ni ya kubeba uzito barabarani na ya kuzuia magugu. Ukiiweka kwenye mtaro wa kutolea maji utaona maji yanatuama juu yake huku bomba la chini likiwa kavu.

Uzito wake hutajwa kwa gramu kwa kila mita ya mraba, na lebo si mara zote husema kweli. Omba kipande, au nunua mita moja kwanza. Kata mraba wa sentimita 50 kwa 50, uweke kwenye mizani ndogo ya jikoni, kisha zidisha mara nne. Mraba ukiwa na gramu 75, una kitambaa cha gramu 300. Ukiwa na gramu 50, hicho ni cha 200, hata kama jora limeandikwa 300. Pima mraba wa pembeni na mwingine wa katikati, kwa sababu isiyofumwa duni huwa nene upande mmoja na nyembamba upande mwingine. Kiinue pia juani utazame: ukiona mabaka yanayopitisha mwanga mwingi kuliko kwingine, laina yako itakosa kinga palepale.

Jambo la pili ni nyuzi zenyewe. Nyingi ni polipropilini au poliesta, na kuzitofautisha huhitaji ndoo ya maji tu. Kata kipande kidogo, kiloweshe kwa maji yenye tone la sabuni, kikamue hewa yote itoke, kisha kiachie ndani ya ndoo. Polipropilini ni nyepesi kuliko maji, huelea. Poliesta ni nzito, huzama. Kwa mfugaji wa samaki hili si jambo dogo, maana poliesta huliwa polepole na mazingira yenye alkali kali, kama saruji mbichi au chokaa kali inayomwagwa bwawani kuua vijidudu. Polipropilini haishituliwi na chokaa. Adui yake ni jua: isipochanganywa na kinga, hasa kaboni nyeusi, inaweza kuanza kusagika mkononi baada ya miezi michache tu ya kuanikwa. Kwa hiyo bwawani mimi huchagua polipropilini, nikaifunika mapema. Sipendi kuiacha wazi zaidi ya wiki mbili, na majora yanayosubiri kazi nayaacha ndani ya nailoni yake nyeusi, kivulini, yakiwa yameinuliwa juu ya mbao.

Kwa bwawa kuna onyo moja zaidi. Vipo vitambaa vya kuzuia mizizi vilivyowekewa vidonge vya kiuagugu, mara nyingi trifluralini. Kwenye njia ya bustani vina kazi yake, lakini trifluralini ni sumu kali kwa samaki. Kitambaa chenye vidonge vidogo vilivyopangwa kwa mistari kisisogee karibu na bwawa wala mfereji unaoingia bwawani. Na kitambaa chochote kipya kitakachogusana na maji ya samaki kisuuze kwanza, kwani kiwandani nyuzi hupakwa mafuta mepesi ili zipite vizuri kwenye mashine.

Chini ya laina ya bwawa

Hapa nitakaa kwa muda, kwa sababu hapa ndipo hasara huwa kubwa na haionekani hadi bwawa limejaa. Maji ya kina cha mita 1.5 hukandamiza kila mita ya mraba ya sakafu kwa uzito wa tani moja na nusu. Kijiwe chenye ncha ambacho mguu haukukihisi, uzito huo utakihisi. Laina haitoboki siku ya kwanza. Hunyooka taratibu juu ya ile ncha, ikakonda, kisha siku moja ikaachia.

Kazi huanza kwenye udongo. Ng'oa mizizi yote pamoja na visiki, ondoa udongo wa juu wenye majani na samadi, okota mawe na vipande vya chupa, halafu shindilia. Sakafu iwe na mwinuko mdogo, sentimita 2 kwa kila mita, ikishukia upande wa bomba la kutolea maji. Nikimaliza kushindilia huvaa glavu nyembamba, nikapiga magoti na kupapasa sakafu yote kwa viganja. Ni kazi ya kuchosha na vijana ninaofanya nao hulalamika, lakini mkono huona kile ambacho jicho halioni.

Mizizi na samadi zina ubaya mwingine. Zikioza chini ya laina hutoa gesi, na gesi isipopata njia huinua laina katikati ya bwawa hadi ukaona mgongo wa plastiki umetokeza juu ya maji. Kitambaa kisichofumwa husaidia hapa kwa namna ambayo watu wengi hawaijui: unene wake huacha nafasi ya hewa kupita ubavuni, ikapanda kwenye mteremko na kutoka juu. Lakini ni lazima uipe tundu la kutokea. Karibu na ukingo wa juu, juu kabisa ya usawa wa maji, acha vitundu vidogo kwenye laina kila mita chache, ukivifunika kwa ulimi wa plastiki ili mvua isiingie. Na kama ukichimba unakuta maji yanachuruzika kutoka ardhini, usitandike chochote kwanza. Chimba mtaro wa kuyatoa. Hakuna kitambaa kitakachozuia maji ya chini kuinua laina yako bwawa likiwa tupu.

Uzito wa kitambaa nauchagua kwa kuangalia udongo. Udongo laini usio na mawe: gramu 200. Udongo wenye changarawe: 300 hadi 400. Mwamba au kifusi: 500, au tabaka mbili, na mchanga wa sentimita 5 chini yake.

Sasa hesabu. Chukua bwawa lenye mdomo wa mita 20 kwa 10, kina mita 1.5, na kingo zenye mteremko wa mita 2 kwenda pembeni kwa kila mita 1 ya kushuka. Kila ukingo unakula mita 3, kwa hiyo sakafu ni mita 14 kwa 4. Urefu wa mteremko wenyewe, ukiupima kwa kamba kutoka juu hadi chini, ni mita 3.35. Juu unahitaji nusu mita ya kulalia tuta na nusu mita ya kuzama kwenye mtaro wa kufungia, yaani ule unaofukiwa ili ushike ncha za laina. Basi kwa urefu: 14, jumlisha 3.35 mara mbili, jumlisha mita 1 kila upande, unapata mita 22.7. Kwa upana: 4 jumlisha 6.7 jumlisha 2, mita 12.7. Hiyo ndiyo laina yako, mita 22.7 kwa 12.7, na mimi huongeza nusu mita kila upande kwa ajili ya mikunjo.

Kitambaa huja kwa majora, tuseme yenye upana wa mita 4. Vipande vilale kufuata mteremko, kutoka tuta la upande mmoja, kushuka, kuvuka sakafu, kupanda upande wa pili. Ukivilaza kwa kufuata urefu wa bwawa, maungio yatakuwa yamekatisha mteremko, na kipande cha juu kitateleza na kuachana na cha chini siku mtakapoburuta laina juu yake. Kila kipande kilalie chenzake kwa sentimita 30. Vipande sita vinatoa mita 24, toa maungio matano ya sentimita 30, unabaki na mita 22.5. Pungufu ni sentimita 20 tu, na ni kishawishi kikubwa kubana maungio yawe sentimita 25 ili yatoshe. Usibane. Kata vipande saba. Saba mara mita 12.7 ni mita 88.9, jora la mita 100 linatosha, na ziada nzuri ya kulaza tabaka la pili kwenye kona na pale maji yanapoangukia.

Jora hilo la gramu 300, mita 100 kwa 4, lina uzito wa kilo 120. Waite watu wanne na bomba la chuma la kupitisha katikati. Lisivutwe juu ya mawe.

Tandika, weka viroba vya mchanga kwenye kila kona upepo usikibebe, kisha unganisha. Mashine ya mkononi ya kushonea midomo ya magunia inafaa sana. Isipokuwepo, bunduki ya hewa moto inaweza kugandisha maungio kwa madoa madoa, mradi nyuzi zilainike bila kuungua. Usitumie misumari wala pini za waya chini ya laina kwa sababu yoyote ile, maana hiyo ncha unayoikimbia umeileta mwenyewe. Ukitembea juu ya kitambaa, vua viatu vyenye meno, na hesabu visu na mikasi kabla ya kufunika.

Laina ya polithini nzito hutanuka kwa joto na kusinyaa kwa baridi. Kipande cha mita 20, joto likibadilika kwa nyuzi 30 za Selsiasi, huweza kusogea kati ya sentimita 7 na 12. Ukiitandika saa za jua kali ikiwa imenyooka pwata, usiku itajivuta na kuning'inia hewani kwenye pembe ya chini ya bwawa, ikiwa haijagusa kitambaa, na maji yakiingia itachanika. Tandika asubuhi mapema au jioni, acha mikunjo midogo, ingiza maji polepole huku mkisawazisha kwa miguu mitupu, na mtaro wa kufungia ufukiwe wakati maji yameshapanda vya kutosha, laina ikiwa imekaa mahali pake.

Juu ya laina pia kitambaa kina kazi. Pale mnaposhukia na wavu, na pale mnapoweka mawe au pampu, laza kipande kizito. Laina iliyolowa na kuota ukijani huteleza vibaya sana, na mtu mzima anayejua kuogelea anaweza kushindwa kupanda kutoka bwawa la mita 1.5. Fungeni kamba nene zenye mafundo kwenye nguzo za pande zote nne, zikining'inia hadi majini. Bwawa la laina lisilo na kamba silikabidhi kwa mwenyewe.

Ipo pia aina iliyounganishwa: vitambaa viwili vya jiotekstaili vikiwa vimebana katikati unga wa bentonaiti, aina ya udongo wa mfinyanzi, kilo 4 hadi 5 kwa kila mita ya mraba. Ukilowa, unga huo huvimba ukaziba. Hicho ndicho kitambaa pekee cha jamii hii kinachozuia maji, na kina masharti. Kisilowe kabla ya kufunikwa, kifunikwe kwa udongo wa sentimita 30 ulioshindiliwa, na kisitumike kwa maji ya chumvi, kwa kuwa chumvi huinyima bentonaiti kuvimba. Mfugaji wa kamba wa maji ya bahari aachane nacho.

Bwawa la udongo

Kama udongo wako ni mfinyanzi mzuri na bwawa linashika maji, usitandike kitambaa sakafuni. Sakafu ya udongo ndiyo inayolea minyoo na ukijani ambao samaki hula, na kuifunika ni kujinyima chakula cha bure. Kitambaa kiende kwenye sehemu tatu tu zinazoumia.

Ya kwanza ni ukingo unaopigwa na mawimbi, yaani ule ambao upepo unauelekea. Ukimwaga mawe pale bila kitambaa, kila wimbi likirudi hufyonza udongo kupitia nafasi za mawe, na mwaka unaofuata mawe yamezama na ukingo umeliwa. Tandika kitambaa kisichofumwa cha gramu 300 kuanzia nusu mita juu ya usawa wa maji hadi nusu mita chini yake au zaidi, chimbia ncha ya juu na ya chini, kisha panga mawe kwa mkono kuanzia chini kwenda juu. Usiyamwage kutoka kwenye toroli. Njia hii ina umri mkubwa kuliko wengi wanavyodhani: mwaka 1958 huko Florida, Marekani, kitambaa cha plastiki kilitandikwa chini ya matofali ya zege ufukweni ili mawimbi yasinyonye mchanga.

Ya pili ni pale maji ya kuingia yanapoangukia. Mita mbili za mraba za kitambaa na mawe juu yake zinatosha. Ya tatu ni mteremko wa nje wa tuta, unaochimbwa na mvua. Huko mimi sipeleki plastiki kabisa. Huko napeleka nyavu za juti au za makumbi ya nazi. Juti hudumu mwaka mmoja au miwili, makumbi hudumu zaidi kwa sababu yana lignini nyingi, ile dutu ngumu ya mti inayochelewa kuoza. Muda huo unatosha nyasi kushika. Panda nyasi kwanza, laza wavu ugusane na udongo kila mahali, chimbia ncha ya juu sentimita 20, piga vigingi vya mti kila mita moja. Kipande cha juu kikilalie cha chini, maji yasipate mlango wa kupenya.

Perege dume huchimba viota sehemu zenye kina kifupi. Ukiona viota vinakula mguu wa ukingo, ongeza mawe juu ya kitambaa. Kitambaa kitupu atakichokonoa, na nyuzi zitakazolegea si kitu cha kuacha majini.

Watu huniuliza kama wanaweza kufunga kipande cha jiotekstaili kwenye bomba la kuingizia maji ili mayai na vifaranga wa samaki wa mwituni wasipite. Matundu yake ni madogo mno. Tope litakiziba, maji yatapungua, kisha mfuko utapasuka usiku bila wewe kujua. Tumia soksi ndefu ya wavu wenye matundu ya nusu milimita au karibu na hapo, unayoweza kuifua kila siku.

Mtaro wa kutolea maji shambani

Shamba linalotuamisha maji huoza mizizi, na dawa yake ni mtaro uliofukiwa. Chimba kwa upana wa sentimita 30 hadi 40, kina cha sentimita 60 au zaidi kulingana na mizizi ya zao lako, mshuko wa angalau nusu sentimita kwa kila mita. Tumia pima maji na kamba, jicho hudanganya. Laza kitambaa kisichofumwa cha gramu 150 hadi 200, kikishuka ukuta mmoja, kugusa sakafu na kupanda ukuta wa pili, na kibaki cha kutosha kufunga juu. Mwaga kokoto safi sentimita 10, laza bomba lenye matundu, jaza kokoto, funika kwa kulaza pande mbili za kitambaa moja juu ya nyingine kwa sentimita 30, kisha rudisha udongo.

Kinachofanya mtaro udumu ni kitambaa kushikana na kuta za udongo bila kuacha mwanya. Chujio la kweli hapa ni udongo wenyewe. Kitambaa hushika chembe kubwa, chembe kubwa hushika za kati, na za kati hushika zile laini, hadi nyuma ya kitambaa pamejengeka tabaka linalopitisha maji masafi. Pakiwa na mwanya, maji hukoroga tope ndani yake, na lile tope hupakwa juu ya kitambaa hadi kikaziba. Ndiyo maana kuta zichongwe ziwe laini, na kokoto zimwagwe taratibu huku mtu akikisukumia kitambaa ukutani.

Kwa sababu hiyohiyo sikubali kukivisha kitambaa bomba peke yake kisha kulifukia ndani ya udongo laini. Eneo la kuchuja linakuwa dogo, na linaziba. Kitambaa kinachozunguka mtaro mzima kina nafasi kubwa zaidi ya kupumua. Anayetilia shaka kwamba kitambaa hudumu ardhini azingatie bwawa la Valcros huko Ufaransa. Lilijengwa mwaka 1970, tuta lake lina urefu wa mita 17 kwenda juu, na mfereji wake wa kokoto ulizungushiwa jiotekstaili isiyofumwa badala ya chujio la mchanga. Sampuli zilizochimbuliwa miaka mingi baadaye zilionyesha kitambaa bado kinafanya kazi.

Isipokuwa sehemu moja. Ukiona maji ya chini yanatoka na utelezi mwekundu wa kutu, hayo yana chuma na bakteria wanaokila, na utelezi wao huziba kitambaa chochote. Hapo tumia kokoto na mchanga wa kuchagua bila kitambaa, au mfereji wa wazi unaoweza kuusafisha kwa koleo.

Magugu, kitalu na njia za mifugo

Kwa magugu tumia iliyofumwa, nyeusi, ya gramu 100 au karibu na hapo, yenye kinga ya jua. Fyeka, sawazisha, laza mipira ya kumwagilia kwa matone kwanza ili ikae chini, kisha tandika. Piga pini za waya zenye umbo la U, urefu wa sentimita 15 hadi 20, kila mita moja pembeni na kwenye maungio. Matundu ya miche yakate kwa kisu kilichopashwa moto ili nyuzi zigande na zisichambuke, na yawe makubwa kuliko unavyodhani. Kitambaa cheusi kwenye jua la mchana huwa cha moto sana, na shina changa likikigusa huungua shingoni ukadhani ni ugonjwa. Ndago hutoboa nailoni nyembamba bila shida, lakini iliyofumwa vizuri huibana.

Kitambaa hiki hakirutubishi udongo jinsi matandazo ya majani yanavyofanya. Kwenye miti ya miaka mingi napendelea kukiweka miaka ya mwanzo tu, kisha kukitoa kabla mizizi haijapenya. Udongo na majani yakirundikana juu yake fagia, la sivyo magugu yataota juu ya kitambaa na kukishona ardhini.

Kwenye kitalu, mifuko ya kupandia ya kitambaa kisichofumwa ni mizuri kuliko nailoni kwa sababu moja: mzizi ukifika ukutani hukutana na hewa, ncha yake hukauka, na mche hutoa mizizi mingi ya pembeni badala ya mmoja unaozunguka. Utamwagilia mara nyingi zaidi. Vilevile, kitambaa chepesi cheupe cha gramu 17 hadi 20 kinaweza kulazwa moja kwa moja juu ya miche kuikinga na wadudu na baridi, kikifukiwa pembeni. Maua ya matango na maboga yakichanua kifunue, nyuki waingie.

Penye tope la ng'ombe karibu na hori la maji, tandika kitambaa kizito, sentimita 20 za kokoto juu yake. Gari lisikanyage kitambaa kitupu. Limwage kokoto ukingoni, zisukumwe mbele, nalo lipite juu ya kokoto.

Tope la samaki kuwa mbolea

Kazi hii naipenda, na wafugaji wachache huifanya. Tope linalokusanyika kwenye matangi na mabwawa ya laina ni kinyesi na mabaki ya chakula, limejaa nitrojeni na fosforasi, na wengi hulimwaga mtoni. Shona mfuko mkubwa wa jiotekstaili, uulaze juu ya kokoto au mbao zenye nafasi, mahali penye mshuko. Sukuma tope ndani kwa pampu, kidogo kidogo. Maji hutoka kupitia ukuta wa mfuko, tope hubaki na kuganda. Usijaze mara moja hadi mishono ilie. Jaza, acha lishuke, jaza tena.

Yale maji yanayotoka yanaonekana masafi, lakini amonia iliyoyeyuka hupita pamoja nayo, kwa kuwa kitambaa hushika chembe tu na hakishiki kilichoyeyuka. Usiyarudishe bwawani wala kuyaelekeza mtoni. Yaelekeze kwenye migomba, nyasi za mifugo au miti. Tope likikauka kiasi cha kukatika kwa koleo, pasua mfuko, lichanganye na majani makavu, liozeshe kabla ya kulipeleka shambani. Tope la bwawa la maji ya chumvi lisiende shambani, litaua udongo.

Mfuko ukichakaa, kama kitambaa chochote kilichoanza kusagika kwa jua, utoe ukiwa bado unashikana. Ukingoja uwe unga, nyuzi zitaingia udongoni na majini, na samaki wako watazimeza. Kila msimu bwawa linapokaushwa, mimi huvuta kwa vidole ncha iliyo wazi kwenye ukingo: ikikatika kirahisi, kipande hicho kinabadilishwa kabla maji hayajarudi. Usikichome. Kikunje, kifunge, kipeleke kunakopokelewa plastiki.